Kiungo, Kigimbi na Mchapuko

Neno viungo lina mabwana wengi. Mwambie muuza duka wa Tegeta Nyuki kwamba unataka viungo, atakupimia iliki, mdalasini na pilipili manga. Mtangazaji wa mpira akisema kiungo, anamtaja yule anayecheza katikati ya uwanja. Akiongeza mkabaji, hata mtoto anajua ni nani anayesemwa. Mwalimu wa sayansi akisema viungo, darasa linafikiria goti, kiwiko, bega na nyonga. Wote wanalitumikisha neno moja na wote wana haki, kwa sababu mzizi wake ni kuunga. Iliki inaunga pilau, mchezaji wa kati anaunga ulinzi na ushambuliaji, goti linaunga paja na muundi.

Sasa tulitazame somo la shule lililobeba neno hilo, lile la kuufunza mwili kukimbia na kucheza. Sekondari linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na jina lake la Kiswahili linayumba: huyu anasema Elimu ya Viungo, yule Elimu ya Michezo, mwingine Michezo tu. Ukilisikiliza Elimu ya Viungo kana kwamba hujawahi kulisikia, utadhani ni elimu ya kuhesabu mifupa na maungio, ile tunayoiita anatomia. Mwili umeorodheshwa, lakini mtu anayekimbia hayumo. Mimi ningewaachia wanabiolojia jina hilo kwa heshima zote.

Michezo ni jina jepesi zaidi, na wepesi wake ndio kasoro. Kwa Kiswahili tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza bao na karata, na akina mama mtaani wanacheza mchezo wa fedha, kila mmoja akipokea kwa zamu yake. Upana huo ni utajiri. Lakini neno hilohilo ndilo tunalokemea nalo: usilete mchezo, acha kuchezea maisha, hapa si mahali pa mchezo. Mzazi aliyemwambia mwanawe maneno hayo tangu anatambaa, siku akiambiwa mtoto amechagua kusoma Michezo kidato cha kwanza, moyo wake umeshajibu kabla ya mdomo. Simlaumu. Ni sisi wenye kalamu tulioipa elimu ya moyo, mapafu na misuli jina la kukaripia.

Shule za msingi ziliwahi kuwa na somo lililoitwa Haiba na Michezo. Nalikumbuka jina hilo kwa mapenzi. Haiba imetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni ile heshima inayomfanya mtu aogopwe kidogo. Kwa Kiswahili imelainika ikawa mvuto wa tabia na umbo. Aliyeyaweka maneno hayo mawili pamoja alitaka kusema kwamba mtoto anayecheza anajengwa utu. Hata hivyo haiba ni tunda la somo. Kuliita somo kwa tunda lake ni kulificha shina.

Shina ni zoezi. Zoezi limetokana na kuzoea, na ndani ya kitenzi hicho mna elimu yote: moyo unazoea kazi hadi mapigo yake yanapungua mtu akiwa ametulia, msuli unazoea mzigo, mapafu yanazoea mpando wa kilima cha Wazo. Mazoea na mazoezi ni ndugu wa tumbo moja, ila lugha imewapa tabia tofauti. Mazoea humjia mtu bila kutakwa, ndiyo maana wahenga wakasema yana taabu. Mazoezi hufanywa kwa kukusudia. Tena mwanafunzi analo tayari daftari la mazoezi mkobani. Wapo watakaosema hilo litawachanganya watoto. Mimi naona ni bahati: hesabu na mbio zinakutana katika neno moja, na zote mbili hupatikana kwa kurudia. Basi napendekeza Elimu ya Mazoezi kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na Sayansi ya Mazoezi na Michezo kwa wanaoendelea. Mchezo haujafukuzwa; umepewa nafasi yake kama mahali ambapo mazoezi hupimwa.

Tukihama kutoka somo kwenda kwa mtu, kiambishi kimeshatuokoa. Mchezaji ni yeyote anayecheza, hata anayechezea kazi. Mwanamichezo ameketi meza moja na mwanasheria na mwanasayansi, na uanamichezo ni sifa tunayoweza kumpa hata mtu asiyejua kupiga danadana. Haya yamekaa vizuri. Tuyaache.

Riadha inanisisimua zaidi. Kwa Kiarabu riyadha ni michezo yote na mazoezi yote, na Wizara ya Oman inayoshughulikia utamaduni, michezo na vijana inalo neno hilo katika jina lake. Nyuma kabisa ya neno pana maana ya kumfuga mnyama mchanga, kumfunza farasi hadi atulie. Kutoka mzizi huohuo Waarabu wakapata pia jina la hisabati, yaani mazoezi ya akili. Lilipofika pwani yetu, Kiswahili kikalibana: riadha ikawa kukimbia, kuruka na kurusha, basi. Sioni hasara. Neno la kukopa lina haki ya kuwa na maana nyembamba kuliko kwao, ilimradi nafasi iliyobaki ijazwe, na zoezi limeijaza.

Kuna neno ambalo halikukopwa popote: mchakamchaka. Ni sauti ya miguu mingi ikikanyaga ardhi kwa pamoja, imegeuka kuwa jina. Kila aliyesoma shule ya Tanzania anajua alfajiri ile, kiongozi anaanzisha wimbo na safu inaitikia. Siku hizi vikundi vya jogingi vimejaa Dar es Salaam, kuanzia Temeke hadi Barabara ya Bagamoyo, na neno jogingi limekuja na fulana zake. Sina ugomvi nalo, ila maneno haya mawili yasichanganywe. Jogingi mtu anaweza kukimbia peke yake na simu yake mkononi. Mchakamchaka hauwi mchakamchaka bila mwenzako. Mwalimu anayeandika andalio la somo ana maneno mawili kwa mambo mawili, na wengi wanaandika la kigeni kwa yote.

Ndugu wa mchakamchaka ni halaiki, yale maumbo ya mamia ya watoto katika sherehe za kitaifa. Asili yake ya Kiarabu ni viumbe, umati wa viumbe. Tumeutwaa umati tukaupa mpangilio.

Lakini kitovu cha somo ni hali ya mwili ulio tayari kwa kazi. Vijana wanasema fiti. Afya na siha ni pana mno: mzee wa Kunduchi anaweza kuwa na afya njema asiweze kukimbia nusu ya uwanja. Waandishi wa michezo wametuletea utimamu wa mwili, na nawapa mkono. Akili timamu tulikuwa nayo zamani. Sasa mwili nao umepata haki ileile ya kuwa kamili. Mchezaji aliyetoka kuuguza goti, tunaambiwa hajarudisha utimamu, na msikilizaji anaelewa kwamba amepona lakini bado hajatimia. Vitabu vilichukue neno hili leo.

Walimu wengine wangependelea ukakamavu. Ni neno la gwaride na skauti, lina kifua mbele. Lakini lichunguze: kukakamaa ni kuwa kikavu na kigumu. Msuli uliobanwa dakika ya themanini umekakamaa. Maiti hukakamaa. Kwa hiyo ukakamavu ni sifa ya kusimama bila kuyumba, haufai kubeba utimamu wote, kwa sababu nusu ya utimamu ni kinyume chake, yaani unyumbufu: uwezo wa mwili kunyumbuka kama ufito bila kuvunjika. Kitenzi nyumbua kinafahamika kwa kila aliyesoma sarufi, maana vitenzi vyetu hunyumbuliwa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa mazoezi wanaweza kuonyeshana hapo jinsi kitu kimoja kinavyorefuka bila kupoteza mzizi.

Pasheni! Ndiyo amri ya kwanza kwenye kila uwanja wa mchangani, na ni Kiswahili safi. Kupasha ni kufanya kitu kipate, na anayepashwa hupata moto au hupata habari. Wachezaji wanaopasha misuli wanaupatia mwili joto na kuupatia habari kwamba kazi inakuja. Sijui lugha iliyolisema jambo hilo la kisayansi kwa ufupi kama huo. Ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo akiingia darasani anaandika ubaoni neno la Kiingereza, na wanafunzi wanalinakili kana kwamba jambo lenyewe hawajawahi kulifanya.

Pumzi nayo imebeba hazina. Kupumua na kupumzika ni kitenzi kimoja kilichorefushwa: anayepumzika anarudishiwa pumzi. Kocha anayewanyima vijana siku ya mapumziko anagombana na sarufi. Uwanjani husemwa hana pumzi, maana yake moyo na mapafu havimudu mchezo, na hapo istilahi imeshapatikana. Wataalamu hutofautisha kazi inayofanyika kwa oksijeni inayoletwa na damu mfululizo, kama marathoni, na kazi ya ghafla inayokwisha kabla oksijeni haijatosheleza, kama mita 100. Vitabu vingi vinaazima maneno ya Kigiriki kwa jozi hiyo. Tunazo mbio ndefu na mbio fupi; kwa nini tusiwe na kazi ya pumzi ndefu na kazi ya pumzi fupi? Mwanafunzi hatahitaji kukariri, atahitaji kukumbuka mara ya mwisho alipokimbilia daladala.

Msuli unastahili kutazamwa vizuri. Kwanza kuna msuli wa kuvaa, ule mzee anaojifunga kiunoni baada ya kazi. Kuna msuli wa mwili. Na kuna msuli wa wanafunzi: kupiga msuli ni kusoma kwa bidii usiku kucha. Namheshimu kijana aliyelitunga hilo la tatu, kwa sababu alitambua kwamba kusoma ni kazi ya mwili mzima.

Majina ya msuli mmojammoja ndiyo yanayotupungukia, au ndivyo tunavyoaminishwa. Chukua nyama ile ya nyuma ya mguu chini ya goti. Pwani walisema tafu. Wengine wanasema shavu la mguu, na hakuna msomi angeweza kulibuni zuri zaidi. Dar es Salaam inasema kigimbi. Mtu mwenye vigimbi anajulikana kwa mbali, na kinyozi, kondakta na binti wa kidato cha pili wote wanakubaliana ni wapi panaposemwa. Neno linalotambuliwa hivyo na mji mzima halina sababu ya kungoja nje ya kamusi ya sayansi. Kigimbi kiwe jina la msuli huo, shavu la mguu libaki kwa washairi, na tafu, ambalo wazee walilitumia pia kwa mkono wakasema tafu ya mkono, lipewe msuli wa mbele wa mkono wa juu, ule vijana wanaoutunisha wakipigwa picha.

Ukishakuwa na kigimbi, mlango wa nyenzo unafunguka. Wenzo kwa asili ni gogo au mti wa kusogezea kitu kizito. Ofisi zimeuchukua wingi wake, nyenzo, ukawa magari, kompyuta na bajeti, mpaka tumesahau umoja. Lakini mtoto wa shule ya msingi ya serikali anafundishwa wenzo kwa Kiswahili katika somo la sayansi: egemeo, mzigo, jitihada, na madaraja yake matatu. Jitihada! Anayefikiri Kiswahili hakina fizikia alitazame neno hilo, tabia njema ya binadamu iliyogeuzwa kuwa upande mmoja wa mtambo. Mtoto huyo anapovuka kwenda sekondari maneno yote matatu yanaachwa mlangoni. Laiti yangeruhusiwa kuingia. Angeambiwa: kichwa chako kinapoinuka ni wenzo daraja la kwanza, shingo ni egemeo katikati. Simama kwa vidole, egemeo ni vidole, mzigo ni mwili wako, jitihada inatoka kwenye kigimbi; hilo ni daraja la pili. Kunja kiwiko ukiwa na ndoo, jitihada imekaa kati ya egemeo na mzigo. Daraja la tatu. Hakuna istilahi hata moja hapo inayohitaji kutungwa. Zilikwisha kutungwa, zimefundishwa, zimeeleweka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mwanafunzi wa leo alikuwa hata hajazaliwa wakati huo.

Kasi ni neno la waandishi kwa kila jambo la haraka, na mwendokasi umeshakuwa basi, tena basi ambalo njia yake inajengwa kuelekea Tegeta kwenyewe. Tusipigane na mji juu ya hilo. Kasi ibaki kasi. Ila kuna jambo jingine, kule kuongezeka kwa kasi, ambalo wanafizikia wa Kiswahili wameliita mchapuko. Kuchapua ni kuharakisha mwendo au ngoma. Chapuo ni ngoma ndogo. Na mgombea anayepigiwa chapuo anaongezewa mwendo na wengine. Tofauti yake na kasi inaonekana kwa wanariadha wetu wenyewe. Filbert Bayi, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Ile ni kasi, iliyoshikwa na kutunzwa. Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025, alifika utepeni pamoja na Mjerumani Amanal Petros, wote wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na dhahabu ya marathoni ikaja Tanzania kwa kifua tu. Ule ni mchapuko. Mtangazaji aliyekuwa na neno moja kwa mbio zote mbili alituonyesha nusu ya alichokiona.

Kwa majeraha, lugha yetu ni sahihi kuliko tunavyoitumia. Mfupa huvunjika, msuli huchanika, kiungo huteguka. Kutegua ni kuondoa kilichotegwa, mtego au kitendawili. Mguu ulioteguka umefunguka pale ulipokuwa umeshikwa. Leo kuteguka kunabeba mambo mawili: kifundo kilichovutika tu, na mfupa uliotoka mahali pake. Huduma ya kwanza ya haya mawili si moja, kwa hiyo yatenganishwe. Kuteguka kubaki na la kwanza, la pili liitwe kuchomoka, kama wasemavyo wengi kuhusu bega. Vilevile kano inafanya kazi za watu wawili: inafunga msuli na mfupa, na inafunga mfupa na mfupa. Kazi ya kwanza ibaki kwa kano. Kwa ya pili nalileta neno la zamani, ugwe, kamba nyembamba ya kufungia. Na hii enka ya watangazaji irudi kuwa kifundo cha mguu; hapo hatukuwa na upungufu wowote.

Jina moja la riadha linanikera. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yana kuruka juu na kuruka chini. Kuruka juu naelewa. Anayeruka chini anakwenda wapi? Mrukaji yule anautafuta umbali, anapaa, anatua mchangani mita kadhaa mbele. Chini ni mahali kila mrukaji huishia, hata yule wa juu. Kuruka mbali linasema ukweli na halimgharimu mtu chochote. Linganisha na kupokezana vijiti: ndani ya kitenzi kimoja mna kupokea, kufanya mwingine apokee, na wote kutendeana. Aliyetupa hilo hakuwa na haraka.

Nije kwenye neno ambalo linapotosha kabisa. Vyombo vya habari huandika dawa za kusisimua misuli kila mwanariadha anapofungiwa, na katika Afrika Mashariki, hasa tangu Kenya ilipotunga sheria yake mwaka 2016, habari hizo si chache. Lakini nyingine kati ya dawa hizo hazigusi msuli; zinaongeza chembe nyekundu za damu ili oksijeni ibebwe kwa wingi. Nyingine hujenga msuli polepole, wala hazisisimui. Mwanafunzi akilishika jina hilo ataamini kwamba dawa isiyomsisimua ni halali, na hapo neno baya litakuwa limemdhuru. Napendekeza dawa za kughushi nguvu. Kughushi tunakujua katika vyeti na sahihi. Nguvu isiyo yako ikiandikwa jina lako ni kosa la aina ileile.

Ufundi, mbinu na stadi hutupwa kapu moja. Ufundi umetokana na kufunda, kitenzi cha unyago na jando, ambacho pia kimetuzalia fundi, kufundisha na mkufunzi. Ni namna sahihi ya kufanya tendo, jinsi mguu unavyougusa mpira. Mbinu ni hesabu ya kumshinda mpinzani. Stadi ni ufundi uliokomaa hadi mtu hahitaji tena kuufikiria. Na kwa sababu ya kufunda huko, nafurahi kila mtangazaji wa Tanzania anapomwita kocha mwalimu. Hakuna haja ya kuchagua kati ya hayo mawili, lakini mwalimu anadaiwa zaidi.

Mwaka 1967 nchi iliunda kwa sheria Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Kiswahili la Taifa. Ni wa rika moja. Wakikaa pamoja na walimu kwa ajili ya orodha ya istilahi za somo hili, nyingi ya nilizozitaja zitapita bila ubishi.

Moja itabishaniwa, nami sina jibu lake. Ni ule usikilizano wa macho, mikono na miguu katika tendo moja. Vitabu vinasema uratibu wa viungo, na mimi nikisikia uratibu naona ofisi, faili na muhtasari wa kikao. Masikilizano yananivutia, kwa kuwa watu husema macho na miguu yake havisikilizani, lakini yanaelekea kwenye ugomvi wa majirani uliomalizwa. Mlandano ni safi ila ni baridi. Nenda jioni ukawaangalie wasichana wakicheza rede katika uwazi wowote wa Tegeta: aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa kwa mkono, macho yako kwa mwenye mpira, miguu inakwepa kabla mpira haujarushwa. Wanayo amri kwa kila hatua na kejeli kwa anayekosea. Ningewauliza wao kwanza, kisha kamati.